Imekatazwa, au Haipo?

Kila ujumbe wa hitilafu una mwaka wake wa kuzaliwa. Hilo nililitambua nilipoanza shahada ya uzamili katika historia, wenzangu waliponifanya fundi wa tatizo moja tu: makala isiyokubali kupakuliwa. Mtu anayo akaunti. Neno la siri analikumbuka. Kichwa cha makala anakiona, muhtasari anausoma, lakini akibofya palipoandikwa "pakua", tovuti inamgomea. Basi analeta simu au kompyuta yake, tunaketi, tunaangalia jambo moja baada ya jingine. Na kila tunachokiangalia kilianzia kwa mtu fulani, mahali fulani, akiwa na shida yake ya siku hiyo. Ukivipanga kwa miaka, unapata historia fupi ya namna maarifa yalivyowekewa milango, mara nyingi na watu ambao hawakuwa na nia ya kumfungia yeyote nje.

Mlango wa kwanza ni neno la siri. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, kundi lililoongozwa na Fernando Corbató lilionyesha mfumo ulioitwa CTSS, uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa zamu za haraka kiasi kwamba kila mmoja alijiona yuko peke yake. Kompyuta ilikuwa mashine kubwa na ya gharama, na muda wake uligawiwa kama maji ya mgao. Kila mtumiaji alikuwa na mafaili yake na kipimo chake cha muda, kwa hiyo ilibidi mashine ijue nani ni nani. Neno la siri likawa suluhisho rahisi.

Halikudumu sana likiwa salama. Mwaka 1962 mwanafunzi wa uzamivu aitwaye Allan Scherr, ambaye kipimo chake kilikuwa saa 4 kwa wiki na utafiti wake ulihitaji zaidi, aliiomba kompyuta imchapishie faili lenye maneno ya siri ya watumiaji wote. Alipeleka ombi Ijumaa usiku na Jumamosi asubuhi akachukua karatasi zake. Miaka mingi baadaye alisimulia mwenyewe. Kwa hiyo kufuli la kwanza la aina hii lilizungukwa na mwanafunzi wa shahada ya juu ambaye tasnifu ilikuwa inamkimbiza. Wenzangu nikiwasimulia hili hucheka, kisha hunyamaza kidogo.

Mlango wa pili ni namba. Tovuti inapokukatalia, nyuma ya maneno yoyote ya upole unayoyasoma kuna tarakimu tatu ambazo seva imekutumia. Namba hizi zilikuja na wavuti yenyewe, iliyobuniwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN ili watafiti waweze kusomeana nyaraka bila kujali wanatumia kompyuta ya aina gani. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliitoa teknolojia hiyo kwa umma bure. Ndani ya chombo hicho cha kushirikiana tayari yalikuwamo maneno ya kukataa. Namba 401 maana yake ni "sikujui, jitambulishe kwanza." Namba 403 ni "nimekuelewa, lakini nakataa." Namba 404, ambayo karibu kila mtu ameshaiona, ni "sikipati unachokitafuta." Katikati yake ipo 402, iliyotengwa kwa ajili ya malipo, na waraka wa kanuni wa mwaka 1999 unaieleza kwa maneno machache tu: imehifadhiwa kwa matumizi ya baadaye. Malipo yalikuja kwelikweli, ila hayakupitia mlango huo. Yalipitia 403.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mtu mwenye tatizo la kupakua ni: namba gani? Ikiwa 401, ingia upya, kwa sababu huenda kikao chako kimekwisha ukiwa bado unasoma muhtasari. Ikiwa 403, akaunti yako inaweza kuwa nzima lakini haina haki juu ya faili hilo, na kubofya mara 20 hakusaidii. Ikiwa 404, inawezekana kiungo kimehamishwa, basi tafuta makala upya kwa jina lake. Lakini 404 ina siri, na nitairudia.

Mlango wa tatu ni kuki. Seva ya wavuti kwa asili yake haina kumbukumbu. Kila ukibofya, unakuwa mgeni mpya, hata kama ulijitambulisha nusu dakika iliyopita. Mwaka 1994 Lou Montulli, kijana aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Netscape, alibuni kipande kidogo cha maandishi ambacho tovuti inakiacha ndani ya kivinjari chako na kukisoma utakaporudi. Shida iliyokuwa mezani ilikuwa kikapu cha manunuzi: duka la mtandaoni lingejuaje kwamba aliyechagua bidhaa ya pili ndiye aliyechagua ya kwanza? Leo kipande hicho hicho ndicho kinachoiambia tovuti ya majarida kwamba wewe ni mwanachama. Kivinjari chako kikizuia kuki, au kikiwa kinashikilia kuki ya mwezi uliopita, utaingia kwa neno la siri, utakaribishwa kwa jina, kisha utakataliwa kwenye faili.

Dalili yake ya kawaida inawachanganya wengi. Faili linapakuliwa, lina jina la PDF, lakini lina ukubwa wa kilobaiti chache na halifunguki. Mtu anadhani programu yake ya kusomea imeharibika. Kwa kawaida faili ni zima kabisa, ila si makala. Ni ukurasa wa kuingilia, uliohifadhiwa kwa jina la makala. Tovuti ilikuuliza "wewe ni nani?" na kompyuta yako ikalihifadhi swali badala ya jibu. Dawa ni kufuta kuki za tovuti hiyo tu, kuingia upya, na kupakua bila kupitia programu ya pembeni inayoharakisha upakuaji, maana programu ya namna hiyo mara nyingi haibebi kuki zako.

Mlango wa nne ndio unaowaudhi wengi, na ni ule wa anwani. Vyuo vinaponunua haki ya kusoma majarida, mara nyingi mchapishaji hapewi orodha ya majina ya wanafunzi. Anapewa orodha ya anwani za IP za mtandao wa chuo. Ombi likitoka kwenye anwani hizo, mlango unafunguka. Likitoka kwenye bando la simu yako, hata kama umekaa kwenye ngazi za maktaba hiyohiyo, mlango haukujui. Tovuti inalitambua jengo, haikutambui wewe. Mwaka 1999 mkutubi Chris Zagar, aliyefanya kazi katika chuo kimoja cha Arizona, alitengeneza programu ya EZproxy ili wasomaji walioko nyumbani wapite kwanza kwenye seva ya maktaba, na mchapishaji aone kana kwamba wako chuoni. Kwa hiyo ukiwa mbali, usianzie kwenye tovuti ya jarida. Anzia kwenye ukurasa wa maktaba yako, ingia pale, kisha fuata kiungo chao. Wengi niliowasaidia walikuwa na kila haki ya kusoma. Walikuwa wamebisha hodi upande usio na mlango.

Nikiitazama milango hii minne, naona kitu ambacho somo la historia hutufundisha tena na tena: taasisi kubwa hujengwa kwa suluhisho dogodogo za watu wasiofahamiana. Hata JSTOR, hazina ya majarida ambayo mwanahistoria hawezi kuikwepa, haikuanza kama ukuta. William Bowen, aliyekuwa rais wa taasisi ya Mellon nchini Marekani, alikuwa pia mjumbe wa bodi ya chuo cha Denison, ambako rafu za maktaba zilikuwa zinajaa majarida ya zamani. Wazo lilikuwa kuyapiga picha, kuyaweka kwenye kompyuta, na kuokoa nafasi. Mwaka 1995 JSTOR ikawa taasisi ya kujitegemea isiyo ya faida, na gharama zake zikabebwa na ada za maktaba wanachama. Ni jambo la busara kabisa kwa aliye ndani. Aliye nje hakuwapo kwenye kikao.

Mtu aliyeligeuza tatizo la kupakua kuwa swali la umma alikuwa Aaron Swartz. Kuanzia Septemba 2010 alitumia mtandao wa wageni wa MIT kupakua makala za JSTOR kwa programu iliyokuwa ikiomba faili moja baada ya jingine bila kupumzika. JSTOR ilizuia anwani yake ya IP, akapata nyingine. Ilizuia kundi zima la anwani, na kwa siku kadhaa watu wa MIT wenyewe wakakosa huduma. Mwishowe aliunganisha kompyuta yake moja kwa moja kwenye nyaya, ndani ya chumba kidogo cha vifaa vya mtandao. Alipokamatwa tarehe 6 Januari 2011 alikuwa ameshapakua makala zaidi ya milioni 4. Kinachonishangaza kila nikilifikiria ni kwamba Swartz alikuwa na nafasi ya utafiti katika chuo cha Harvard, na kupitia huko aliruhusiwa kusoma JSTOR. Kusoma hakukuwa shida yake. JSTOR ilimalizana naye na kusema haitaki kesi, lakini waendesha mashtaka wa serikali waliendelea, mashtaka yakafika 13, na kifungo kilichotajwa kilikuwa cha miongo. Alijiua tarehe 11 Januari 2013, kabla ya kesi kusikilizwa, akiwa na umri wa miaka 26.

Sisimulii hili ili kumwambia mtu afanye alivyofanya. Nalisimulia kwa sababu linaonyesha bei ambayo mlango mdogo unaweza kudai. Na mwaka huohuo wa 2011 mambo mengine mawili yalitokea. Mwezi Septemba JSTOR ilizifungua kwa kila mtu makala zake za zamani, zilizochapishwa Marekani kabla ya 1923 na kwingineko kabla ya 1870, na hazihitaji akaunti hata leo. Jambo la pili halihusu kompyuta, lakini ndilo lililonifanya niiogope 404 kuliko 403.

Nilisema 404 ina siri. Waraka uleule wa kanuni wa mwaka 1999, ukieleza namba 403, unasema hivi kwa ufupi: seva ikitaka, ieleze sababu ya kukataa, isipotaka kuzitoa taarifa hizo, inaweza kutumia 404 badala yake. Kwa lugha ya mtaani: ikiwa hutaki kuulizwa kwa nini umekataa, sema kitu hakipo. Wahandisi wana sababu yao nzuri, kwani mwizi akijua chumba kipo atajaribu dirisha. Lakini mwanafunzi wa historia ya Afrika Mashariki akisoma sentensi hiyo, anakumbuka kwamba amri ya namna hiyo iliwahi kutolewa, kwa karatasi na muhuri.

Mwezi Mei 1961, mwaka uleule ambao CTSS ilionyeshwa MIT, Waziri wa Makoloni wa Uingereza Iain Macleod alielekeza kwamba serikali za nchi zitakazopata uhuru zisiachiwe nyaraka ambazo zingeweza kuiaibisha serikali ya Uingereza, au kuwaaibisha polisi, wanajeshi, watumishi wake na watoa habari wake. Nchini Kenya majalada yaligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lingerithiwa na serikali mpya. La pili lilipewa alama ya "Watch", na lilishikwa tu na ofisa aliyekuwa raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya. Ukiondoa jalada la siri kwenye mfululizo, uliagizwa kuweka jalada la bandia mahali pake ili pengo lisionekane. Na iliagizwa wazi kwamba kuwapo kwa fungu hilo kusifichuliwe kamwe. Nyingine zilichomwa, majivu yakavurugwa. Nyingine zilisafirishwa kwenda Uingereza kabla ya uhuru wa Desemba 1963.

Hapo unaona vipande vyote tulivyovikuta kwenye tovuti: watumiaji wamegawanywa makundi, kila faili limepewa kiwango cha ruhusa, na asiye na ruhusa haambiwi "umekatazwa". Anaambiwa hakuna kitu. Tofauti ni kwamba uanachama wa tovuti unaweza kununuliwa au kuombwa. Uanachama wa mwaka 1961 ulikuwa wa kuzaliwa.

Kenya huru iliomba majalada yake tangu 1967, na haikurudishiwa. Kwa miongo kadhaa, mtu aliyetaka kuzungumzia yaliyotokea kwenye kambi za kizuizini za miaka ya 1950 alikuwa na ushahidi wa midomo ya wazee, pamoja na nyaraka zilizobaki baada ya mchujo. Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya, waliosema waliteswa kambini, waliishtaki serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London. Wanahistoria waliotoa ushahidi, akiwamo David Anderson, walisisitiza kwamba kuna nyaraka zilizoondolewa Nairobi na hazijawahi kuonekana. Mwezi Januari 2011 zilipatikana, katika jengo la serikali lenye ulinzi huko Hanslope Park: takriban majalada 1,500 ya Kenya, pamoja na maelfu mengine kutoka makoloni 37 ya zamani. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza bungeni kwamba inasikitika, na kwamba italipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya watu 5,228.

Wazee walikuwa wamesema hayo miaka yote. Kilichobadilika ni kwamba 404 iligeuka kuwa 403, kisha faili likafunguka. Majalada hayo sasa yako katika Hifadhi ya Taifa huko Kew, chini ya alama FCO 141, na orodha yake inasomwa na mtu yeyote mwenye intaneti. Kuyasoma yenyewe ni shida nyingine, ya viza na nauli. Lakini leo mwanafunzi aliyeko Dodoma au Eldoret anaweza kuandika barua na kutaja jalada kwa namba yake. Mtu mwenye namba mkononi hawezi kuambiwa hakuna kitu.

Kwa sababu hiyo nimejifunza kuipokea 403 kwa heshima fulani. Inaudhi, lakini inakiri. Imekuambia kitu kipo, kiko hapa, na kuna mtu mwenye uwezo wa kufungua. Kutoka hapo unayo njia: mwandishi wa makala, ambaye mara nyingi hufurahi kuandikiwa na kutuma nakala yake, hifadhi ya chuo chake, ambako huenda rasimu yake imewekwa wazi, mkutubi wako, ambaye anaweza kuiomba kwa maktaba nyingine. Njia zote hizo zinahitaji jambo moja tu, kwamba ujue jina la unachokitafuta.

Na suala hili haliko London na Marekani peke yake. Sisi tunaoandika tasnifu tunaingia vijijini na kinasa sauti, tunawaketisha wazee, wanatupa saa zao na kumbukumbu zao. Kisha tasnifu inawekwa kwenye hifadhi ya kidijitali ya chuo, na mara nyingi inafunguka kwa wanachama tu. Mjukuu wa mzee aliyesimulia akiitafuta kwa simu yake, anakuta kichwa cha kazi, jina la msomi, na mlango. Babu yake ndiye chanzo, yeye si mwanachama. Wakati mwingine hata kichwa hakipo, kwa sababu hakuna aliyekiingiza kwenye katalogi.

Sidai kila faili liwe wazi. Katika mahojiano yangu wapo walioniomba majina yao yasijulikane, na ombi hilo nitalilinda. Ndiyo, kuwalinda watoa habari ilikuwa pia sababu moja katika maelekezo ya Macleod, na hilo limenisumbua kuliko jambo lolote katika somo hili, kwa kuwa linaonyesha kwamba sababu halali inaweza kupanda gari moja na sababu ya aibu. Njia ninayoiona ya kuzitenganisha ni kumtaka kila mwenye kufunga ajibu maswali matatu hadharani: nani amefunga, kwa sababu gani, na mpaka lini. Kufuli lenye majibu hayo naweza kuliheshimu hata likiwa linanizuia.

Fomu ya kukabidhi tasnifu yangu ina visanduku vitatu: wazi kwa wote, wanachama tu, imefungwa kwa muda. Tasnifu yenyewe nitaiweka wazi. Kanda za wale walioomba kufichwa zitafungwa, na kwenye katalogi nitaandika kwamba zipo, idadi yake, aliyezifunga na mwaka zitakapofunguliwa.